Hitima ya Ambanoro

Simu ya maandishi, yaani telegramu, ilifika nyumbani kwetu Mangarivotra siku ya Jumatano. Ilikuwa na maneno machache tu: anakuja Ijumaa kwa ndege, ataondoka Jumanne. Aliyeituma alikuwa shoga yangu wa utotoni, ambaye sikuwa nimemwona tangu nilipopanda meli Unguja kurudi kwetu kuolewa. Mume wangu aliisoma, akairudia, akasema Jumatatu ni sikukuu ya Pentekoste, ofisi zimefungwa, basi atakuwa na nafasi ya kutupeleka popote tutakapo kwa gari la kaka yake.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya, na majina ya wakubwa yalikuwa yakibadilika kila mara, lakini sikukuu zilibaki zile zile walizotuachia Wafaransa, nasi Waislamu wa mjini tulizipumzikia kama kila mtu.

Mimi nimezaliwa Mahajanga, mji wa pwani katika kisiwa cha Wamalagasi, katika watu waliotoka Ngazija. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba akanipeleka Unguja kwa shangazi yangu, nikakaa huko mpaka nikawa mwanamwali. Nyumba ya shangazi ilipakana na nyumba ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa pekee, msichana wa rika langu. Shangazi alikuwa mtu wa shughuli nyingi, kwa hiyo aliyenisuka nywele, aliyenifundisha kukuna nazi na aliyenichapa nilipostahili alikuwa yule mama wa jirani. Mimi na mwanawe tulilala kitanda kimoja. Kiswahili ninachoandika hapa nilikipata katika ua ule. Niliporudi Mahajanga sikuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo. Nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, na mume wangu kazini alisema Kifaransa kutwa. Kiswahili kilisikika katika neno moja moja la dua, la biashara au la bahari, tena limepindwa. Basi mkiniuliza nilivyofurahi kupata simu ile, sitaweza kueleza.

Nilitoa kila kitu katika chumba cha mbele. Nilipiga deki, nikatundika mapazia, nikaazima godoro jipya kwa wifi yangu anayekaa Ampisikina. Mama mkwe, aliyekuwa mtu mzima na hakupenda kelele, aliniuliza kama anayekuja ni sultani. Nilikuwa nimepanga siku zote. Ijumaa mapumziko. Jumamosi tungemtembeza mjini na kumpeleka kwa jamaa. Jumapili tungekwenda Belobaka, ambako mume wangu alikuwa na kiwanja chenye mikorosho, tukale huko. Jumatatu tungekaa barazani mimi na yeye tu, tuzungumze mpaka koo zikauke.

Uwanja wa ndege nilimtambua kwa mwendo wake kabla sijaona uso. Alivaa buibui, na kati ya wanawake wa kwetu waliojitanda leso za rangi na shiromani, yeye alionekana kama kivuli kilichosimama kwenye jua kali. Tulikumbatiana. Nilihisi mifupa ya mabega yake.

"Umekonda," nilimwambia.

"Mama amefariki," akasema. "Arobaini yake imekwisha. Sikutaka uyapate haya kwa simu."

Nililia pale pale, mbele ya wabeba mizigo, mpaka mume wangu akanishika mkono kuniongoza garini. Yeye hakulia. Alikuwa mkunga kule kwao, amezoea kuwa ndiye anayesimama imara wengine wanapoanguka. Lakini mkono wake ulikuwa baridi, na hakuutoa katika wangu njia nzima.

Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa salamu za Kingazija na kumpa pole. Walielewana nusu kwa nusu, maana lugha zile ni ndugu. Nilimwandalia wali, samaki wa kupaka na achari ya maembe. Akala matonge machache, akashukuru, akasogeza sahani. Nilimhadithia habari za Belobaka na korosho. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine. Alasiri ilipoingia tulikaa barazani, na ndipo akaniuliza:

"Kutoka hapa mpaka Nosy Be ni mbali?"

"Kisiwani kule? Ni ndege ndogo, si safari kubwa. Kwa nini? Unamjua nani Nosy Be?"

"Baba yangu yuko huko."

Mimi nilijua kwamba baba yake hayupo. Hivyo tu ndivyo tulivyoambiwa tulipokuwa watoto: hayupo. Alikuwa fundi seremala, mtengeneza milango na vitanda, na aliondoka Unguja na tajiri mmoja aliyekwenda kujenga nyumba katika visiwa vya huku. Mwanzo alikuwa akituma salamu na vitambaa. Kisha kukawa kimya. Wengine walisema amekufa maji. Mama yule hakukaa eda, wala hakuolewa tena. Shoga yangu alinieleza kwamba mwaka uliopita Mngazija mmoja aliyepita Unguja alizungumza katika msiba juu ya fundi mzee wa Kiunguja anayeishi Ambanoro, Nosy Be, mwenye mke wa Kisakalava na mtoto, na macho yake yamekufa. Mama yake aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Hakusema kitu. Miezi michache baadaye akaugua.

"Nataka nimwambie mimi mwenyewe kwamba mama amekufa," alisema. "Nataka nimtazame usoni wakati anaposikia. Sina haja nyingine naye."

Nitasema kweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Niliangalia lile pazia jipya dirishani na mioyo miwili ikanipata. Nilidhani amekuja kunitazama mimi. Kumbe nyumba yangu ilikuwa kituo tu cha njiani. Lakini alikuwa mgeni wangu, na aliyekufa alikuwa mama yangu pia. Nikaingia ndani kumwambia mume wangu. Yeye hakuuliza maswali. Alivaa viatu, akaenda kumtafuta rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege, na kabla ya magharibi alikuwa amerudi na nafasi zetu za Jumamosi asubuhi na za kurudi Jumatatu.

"Kiwanja cha Belobaka hakitakimbia," aliniambia.

*

Sijawahi kupenda ndege, na ile ndogo ilitikisika mpaka nikasoma kila sura niijuayo. Shoga yangu alikaa dirishani akitazama chini. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani naye anasoma, kisha nikasikia kwamba alikuwa akipanga maneno. Alikuwa akiyajaribu, anayafuta, anaanza tena.

Tulipotoka uwanjani harufu ya mlangilangi ilitupokea. Miti yake mifupi iliyopindwapindwa ilikuwa pande zote za barabara, na tukapishana na magari yaliyojaa miwa. Dereva wetu alikuwa na maneno mengi. Mimi nilimjibu moja moja, yeye mgeni wangu hakuelewa chochote. Tulipita Hell-Ville, mji wenye maduka na maofisi, tukafuata njia ya pwani mpaka Ambanoro. Zamani palikuwa mahali pa wafanyabiashara wakubwa, Wahindi na Waarabu na watu wa kwetu, lakini siku hizo palikuwa pamepoa. Kulikuwa na kuta za mawe zilizoota mizizi, msikiti, na nyumba za makuti zilizokaa kati ya magofu. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini. Hata sikumaliza. "Fundi?" akasema kwa Kimalagasi, akaelekeza kwa kidevu nyumba yenye mlango wa mbao ulionakshiwa. Mlango ule ulikuwa mzuri kuliko nyumba yenyewe. Shoga yangu aliutazama, akajua amefika. Milango ya namna hiyo alikulia nayo.

Mwanamke wa makamo, mpana, aliyejipaka masonjoani usoni, ile poda ya mti ambayo wanawake wa huku hujipaka kuzuia jua, alikuwa uani akipepeta mchele. Alituona, akainuka.

"Karibo!" akasema.

Shoga yangu alishtuka. "Anajua Kiswahili?"

"Hapana," nikamwambia. "Neno hilo tu. Huku kila mtu hulisema."

Nilimsalimu yule mama kwa Kimalagasi, nikasema tunatoka Mahajanga, tumekuja kumwona fundi. Hakuuliza sisi ni nani. Alitutangulia mpaka kizingitini, akatuonyesha ndani. Na hapo shoga yangu, kwa mazoea tu, kama angefanya mlango wowote wa kwao, akapiga hodi.

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na msasa mkononi, akilainisha mguu wa stuli. Mkono ukasimama. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, lakini aliinua uso sawasawa kuelekea sauti ilikotoka.

"Umekuja," alisema kwa Kiswahili. Hakuuliza. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkewe baada ya yeye kurudi sokoni. "Pita. Umekuja na nani?"

Mimi niliyekulia mikononi mwa mama yule nilifahamu mara moja. Sauti ya shoga yangu ilikuwa ya mama yake. Sisi tuliokuwa nao kila siku hatukuiona hali hiyo, lakini masikio ya mzee yalikuwa yamekaa na sauti moja tu miaka yote.

Shoga yangu alishika mwimo wa mlango. Maneno yote aliyoyapanga angani yalimtoka.

"Si yeye," akasema. "Mimi ni mwanawe. Yeye amefariki."

Msasa ulianguka. Mzee aliupapasa sakafuni, akakosa, akaacha. Alifungua mdomo, akasema "Inna lillahi," akaishia hapo, hakuweza kuimaliza. Shoga yangu alikuwa amekuja kumtazama usoni, lakini nilimwona amegeuza kichwa, anatazama ukuta.

Yule mama alinivuta mkono. "Anasemaje? Nini kimetokea? Kwa nini mume wangu analia?"

Katika maisha yangu nimefasiri maneno mengi kati ya watu, sokoni, hospitali, hata mahakamani mara moja. Hayo ya siku ile ndiyo yaliyokuwa mazito kupita yote. Nilimtazama mzee, lakini yeye hakuwa na uwezo wa kunisaidia. Nikamwambia yule mama ukweli kwa maneno mafupi: huyu ni binti wa mumeo, ametoka Unguja, mama yake amekufa.

"Mama yake alikuwa mke aliyeachwa?" akauliza.

"Hakuachwa," nikajibu.

Akamtazama mumewe kwa muda. Kisha akatoka nje. Tukamsikia anaita mtu kwa sauti kali, tukasikia kuku wanakimbizwa. Shoga yangu aliniambia, "Twende zetu. Tumekwisha mharibia nyumba yake." Alikuwa ameshachukua mkoba wake wakati yule mama aliporudi, amefuatana na msichana aliyekaribia miaka ishirini. Paji la uso la msichana lilikuwa la shoga yangu, na nyusi zake, na namna ya kusimama mguu mmoja mbele. Yule mama alimsukuma binti yake kidogo mbele yetu, akaniambia nifasiri.

"Mwambie hivi. Mimi sikujua. Ningejua, nisingelala na jambo hilo. Lakini maiti hana kosa. Mke wa nyumba hii amekufa na nyumba hii haijamsomea. Kesho tutamsomea. Mwambie asiondoke."

Nilifasiri. Shoga yangu alisikiliza mpaka mwisho, na mkoba bado begani. Kisha aliuvua, akauweka chini.

*

Jumapili ua ule ulijaa wanawake. Sikujua kwamba habari inaweza kutembea vile. Wengine walileta nazi, wengine kuni, mmoja akaja na sinia tatu kichwani. Wanaume wa msikitini walikaa ndani ya nyumba na barazani, na visomo vilipoanza shoga yangu aliniminya kiganja. Yasini ilikuwa ile ile, kwa mahadhi yanayokaribiana na ya kwao. Tangu tufike Nosy Be lilikuwa jambo la kwanza analolisikia na kulielewa bila mimi.

Shoga yangu hakuomba kazi wala hakuombwa, lakini nilipoinua macho nilimwona amekunja mikono ya gauni, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na yule mama yuko pembeni yake anachanganya unga wa mchele kwa mikate ambayo huku huitwa mokari. Hawakuzungumza. Wangezungumzaje? Yule mama akitaka nazi alinyoosha bakuli, naye akatia. Mara moja unga ulikuwa mzito, shoga yangu akaonja kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa, akaongeza tui yeye mwenyewe. Yule mama alimtazama, nikaogopa. Kisha naye akaonja, akaguna kukubali. Binti, yule ndugu, alikuwa akizunguka karibu yao na vyombo, hana la kufanya, hataki kwenda mbali.

Dua ilipofika mahali pa kumtaja marehemu, mwalimu aliyeiongoza aliuliza jina lake na la mzazi wake. Tukamsikia mzee akilitaja, kamili, jina la mkewe na la baba wa mkewe na la babu wa mkewe, bila kusita. Shoga yangu akaweka nazi chini. Ndipo alipolia. Alilia kama mtu anayetapika, ameinama, na aliyemshika mgongo hakuwa mimi. Mimi nilikuwa mbali na yeye, na yule mama alikuwa karibu.

Watu walipokwisha kula na kuondoka, shoga yangu aliniomba nikae naye, akaingia kwa baba yake. Hakumwita baba. Alimwita mzee.

"Mzee, nina swali moja. Kwa nini?"

Mzee alikuwa ameoga, amevaa kanzu safi. Alijibu kwa Kiswahili cha zamani, akikwama mahali pengine, neno la Kimalagasi likimpokonya la kwao.

"Nilikuja kwa kazi ya msimu mmoja. Kazi ikaongezeka. Kisha niliumwa, huyu mama wa hapa akaniuguza kwao. Nilipopona nikasema nitakwenda mwakani. Mwakani nikaona haya kurudi mikono mitupu. Mwaka wa pili nikaona haya ya mwaka wa kwanza. Haya, mwanangu. Kila mwaka inaongezeka, na mwenyewe ndiye anayeilisha."

"Kadhi alimwita mama," alisema shoga yangu. "Alimwambia atamvunjia ndoa, awe huru, aolewe. Watu walikuwapo waliomtaka. Mama akasema: mume wangu hajafa na hajaniacha, mnanifungua kutoka wapi? Alikuwa bado kijana."

Mzee alifunika uso kwa kiganja. Kisha akauliza, "Nani alimkosha?"

"Mimi."

"Alisumbuka?"

"Alisumbuka kidogo. Mwisho alilala tu."

"Alijua niko hai?"

"Alijua. Alisikia kabla hajaugua."

Nilijua swali linalofuata, na nadhani hata yeye alilijua. Mzee alikawia kulitoa.

"Alinisamehe?"

Nilimtazama shoga yangu. Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. Ni neno dogo, na mtu mwenyewe ni kipofu, mzee, amekaa mbele yetu kama mtuhumiwa. Nani angemlaumu?

"Hakusema," alijibu.

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyepewa vipimo vya ubao na anavikariri asije akavisahau. Nilikasirika. Tulipotoka nje nilimshika mkono shoga yangu nikampeleka mpaka nyuma ya jiko.

"Ungempa neno moja tu! Lingekugharimu nini?"

"Neno lile si langu," alisema. "Ni la mama, na mama amekwenda nalo. Nikimpa mimi, nimemuibia maiti." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Unadhani mimi sikutaka?"

Nilimwachia mkono.

*

Jumatatu asubuhi, kabla gari halijaja, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimwomba mzee atoke nje penye mwanga, akakalishwa juu ya kigoda. Shoga yangu alipiga magoti mbele yake, akamshika kidevu kwa vidole vyake vya ukunga, akamfungua jicho moja, kisha la pili. Mzee alitulia kama mtoto. Wale wanawake wawili walisimama karibu, na mimi nikafasiri.

"Huu ni utando wa mtoto wa jicho. Si upofu wa moja kwa moja. Unatolewa. Mahajanga kuna hospitali kubwa. Huyu mwenzangu atawapokea." Aligeuka kwangu. "Utawapokea?"

"Nitawapokea," nikasema, na sikuwa nimemuuliza mume wangu.

Mzee alinyanyua mkono, akaushikilia hewani mbele ya uso wa binti yake, hakuuweka. Shoga yangu aliutazama ule mkono, mgumu, wenye makovu ya patasi. Aliushika, akaushusha mpaka gotini pake, akaufinya kidogo, akauacha. Kisha akainuka akaenda kwa yule mama. Hawakuwa na mfasiri wakati huo, maana mimi nilikuwa nikikusanya mizigo. Walishikana tu. Yule binti alitusindikiza mpaka garini, na kwa Kimalagasi akaniambia nimuulize dada yake kama anaweza kumwita dada. Niliuliza. Shoga yangu alivua ushungi wa hariri aliokuwa amevaa chini ya buibui, akamvalisha kichwani, akamfunga vizuri chini ya kidevu, kama mama yake alivyokuwa akitufunga sisi.

Jioni ile tulikuwa nyumbani Mangarivotra. Mama mkwe alipika mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, na mgeni alikula sahani nzima, akaongeza. Tukakaa barazani. Upepo ulikuwa mzuri, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza vumbini. Mimi nikayatoa yaliyokuwa moyoni tangu Ijumaa.

"Nilidhani umekuja kwangu."

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Nimekuja kwako. Mimi nilijua aliko yule mzee tangu mwaka jana. Unadhani sikuweza kwenda moja kwa moja Nosy Be? Ningekwenda na nani? Nani mwingine aliyemjua mama, ili nikisema amekufa, pawe na mtu mmoja pale anayejua aliyekufa ni nani?"

Kisha yeye akaanza kunikumbusha siku tulipommwagia mama tui lake la futari, tukamsingizia paka, na mama akatuacha tuape mbele ya paka. Tulicheka mpaka mume wangu akatoka kuangalia kuna nini. Kilikuwa kicheko cha pekee katika siku zile zote.

Jumanne alipanda ndege.

Kabla mwaka haujaisha, yule binti alimleta baba yake Mahajanga. Niliwaweka katika chumba cha mbele. Daktari alimtoa utando katika jicho moja. La pili alisema limechelewa. Bandeji ilipofunguliwa mzee aliona mkono wake kwanza, akaugeuza huku na huku. Kisha akamwona binti yake wa huku, na akalia. Alikaa nasi wiki kadhaa, mpole, mwenye kujishughulisha. Alinitengenezea mlango wa kabati uliokuwa umelegea miaka mingi. Siku moja nilikuwa nikichambua mchele, akaja akakaa karibu.

"Mwanangu," aliniambia, "yule mwenzio, uso wake ukoje?"

Nilijaribu. Nilimwambia rangi yake, nyusi zake, urefu wake. Nilisema anafanana na huyu mdogo wake. Alisikiliza kwa makini, lakini niliona kwamba hapati kitu. Nilitaka kumwambia anafanana na mkewe, lakini haikuwa kweli. Ilikuwa sauti tu. Nilimwahidi kwamba nitamwandikia shoga yangu alete picha, na nikaandika. Miezi ile ile mambo yakageuka Unguja, watu wakatawanyika, na barua zangu hazikujibiwa. Nilisikia baadaye kwa watu kwamba yuko Dar es Salaam, wengine wakasema Mombasa, anazalisha kama zamani. Sijui.

Mzee alifariki Nosy Be baada ya miaka michache. Mkewe alinitumia habari, nikaenda. Wanawake wale wale walikuwa uani, na yule binti, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni, ndiye aliyesimamia mapishi. Mwalimu alipokwisha kumwombea fundi, yule mama aliinuka kutoka katika eda yake, akasogea mpaka kwenye pazia, akawaambia wanaume walioko upande wa pili wasifunge dua kwanza. Wamtaje na yule mke wa Unguja. Akalitaja jina yeye mwenyewe, kwa matamshi ya Kisakalava, jina la mke yule na la baba yake na la babu yake, na hakukosea hata moja.